Tiketi za Nidhamu za Koplo Teresiah

Jumatatu, 6 Juni 1977

Barua imefika. Karani wa nyumba ameiandika kwa adabu sana, hata amenipa pole tena. Nyumba hizi za Makongeni ni za watu wa reli, na mtu wa reli wa nyumba hii, mume wangu Kabiru, tulimzika Aprili mwaka jana. Wamenivumilia mwaka mmoja na miezi miwili. Nitoke ifikapo tarehe thelathini.

Sina wa kumlalamikia. Nimemlalamikia msumari kidogo. Ule wa nyuma ya mlango, ambako Kabiru alikuwa akitundika kofia yake ya ugadi wa treni akirudi safari. Kofia bado ipo. Naipangusa kila Jumamosi.

Njia ni mbili. Mimi ni koplo katika jela ya wanawake. Koplo asiye na mume hupewa kitanda katika chumba cha watu wawili, na kitanda kilicho wazi ni kimoja tu. Kwa Koplo Lela! Mwanamke anayepiga pasi mpaka kamba za viatu. Sajini, naye, hupewa nyumba yake peke yake: vyumba viwili, jiko, na mlango wa kupigilia msumari. Nafasi ya sajini imebaki moja. Bwana Thuo wa makao makuu anakuja kutukagua Ijumaa ya tarehe ishirini na nne.

Siku kumi na nane. Nitakuwa sajini. Namna gani, sijui bado.

Jumanne, 7 Juni

Nimejua!

Novemba tulipelekwa semina. Mwalimu mwenye miwani minene alitufundisha somo moja siku nzima: kuwatuza wafungwa wenye tabia njema, faida zake na kasoro zake. Faida zilikuwa asubuhi. Kasoro zilikuja baada ya chakula, na chakula kilikuwa pilau. Nimelitafuta daftari langu. Faida, kurasa nne, mwandiko mzuri. Kisha kichwa, "Kasoro". Chini yake neno "Kwanza", halafu mstari wa kalamu unaoteremka mpaka ukingo wa karatasi.

Si hasara kubwa. Mtu mwenye kurasa nne za faida ana haja gani na kasoro?

Zawadi za kugawa ninazo. Kopo la mafuta ya Kimbo la Kabiru, limejaa tiketi za treni zilizotumika, zile za kadi ngumu. Zilipokuwa zikichomwa huko ofisini kwao aliomba kopo moja tu. Jioni alikuwa akizisoma kama wenzake wanavyosoma gazeti. Voi. Butere. Nanyuki. Kibwezi. Alisema kila moja ni mtu aliyefika.

Madam Waringa, mkuu wa jela, ameniuliza kama mpango utaigharimu serikali. Nikamwambia kijiko cha sukari hapa na pale. Amekubali huku akitazama dirishani. Koplo Lela aliyekuwa mlangoni akasema mfungwa si kuku, humwagii mtama ili aingie bandani. Tena akaniuliza kama kasoro za semina ninazikumbuka. Nikamwambia ninazo zote kwenye daftari.

Alhamisi, 9 Juni

Tumeanza. Nilivaa kofia ya Kabiru juu ya sare yangu, nikapuliza filimbi yake uwanjani. Wanawake mia moja na kumi wakageuka pamoja! Nikasoma ubao. Atakayejifunza herufi mpya, tiketi moja. Atakayembembeleza mtoto wa mwenzake akalala, moja. Atakayesema ukweli bila kulazimishwa, mbili. Watakaopatana baada ya ugomvi, mbili kila mtu. Atakayesalimisha kitu kilichokatazwa, tatu. Tiketi moja inanunua kijiko cha sukari kwenye uji. Tano, barua ya ziada. Kumi, nusu saa ya ziada na mgeni wako.

Kisha Khavere, yule mpishi wa pombe haramu ya chang'aa aliyekamatwa na mapipa saba, akauliza kwa heshima kama mtu anaruhusiwa kuchagua stesheni. Nikasema anaruhusiwa. Lo! Ulizuka mnong'ono uwanja mzima. Butere ni ya nani, nani ana Nanyuki, Afande Gadi tafadhali usiitoe Kisumu kabla sijafika.

Afande Gadi! Wamenipa jina.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshangaa. Kipande cha kadi cha ukubwa wa vidole viwili. Nimeona watu wakiletewa habari za kuachiliwa wasisimame wima namna ile.

Jumapili, 12 Juni

Siku tatu bila matusi. Jikoni wanaombana sufuria kwa neno "tafadhali". Madam Waringa amepita mara mbili kuhakikisha kwamba hii ndiyo jela yake.

Khavere hakujua hata herufi moja. Leo ameandika jina lake vumbini kwa kijiti. Herufi zote saba, R ikitazama nyuma. Akakaa chini akalitazama kama mtu aliyetaga yai. Wenzake wakazunguka wasilikanyage. Na mimi pia nilizunguka. Nimempa tiketi saba, ingawa kwa haki E anairudia na zingekuwa sita.

Tena yupo Mbithe. Mzee wa Kibwezi, kifungo cha miaka tisa, bado miwili. Miaka yote hii, kila jioni, hukaa karibu na chumba cha kina mama wenye watoto, akavuma wimbo wake usio na maneno mpaka watoto wote kumi na mmoja wamelala. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hakuna aliyewahi kumshukuru, nadhani. Jana nikarekebisha kosa hilo. Nikampa tiketi ya Kibwezi mbele ya watu wote. Akaishika kwa ncha za vidole. Akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya wimbo. Akauliza tena, wimbo umefanya nini.

Unyenyekevu wa ajabu.

Jumatano, 15 Juni

Nimeandika ripoti kwa ajili ya Bwana Thuo. Inapendeza! Visa vya kupatana juma hili: thelathini na nane. Kabla ya mpango vilikuwa viwili kwa mwezi. Ni kweli ugomvi nao umeongezeka, lakini umeongezeka sawasawa na kupatana, kwa hiyo hakuna uliobaki. Leo watu wa jikoni wamegombana na watu wa shamba saa tatu kamili, wakakumbatiana saa tatu na dakika tano. Kesho, nasikia, ni zamu ya wafumaji.

Sindano zilizokatazwa zilizosalimishwa: ishirini na sita. Lela akauliza kwa sauti, sindano hizi zilikuwa wapi miaka yote, na mbona Jumatatu sindano moja ilisalimishwa mara nne na watu wanne. Ana jicho la kijicho, huyu. Nikamwambia kwamba uaminifu unaambukiza. Akacheka kile kicheko chao cha Mombasa, cha kuanzia puani. Bibi wee, akasema, ungekuwa unafuga panya ungesema paka wana kazi nyingi.

Jioni niliona jambo kubwa. Si Mbithe peke yake sasa anayewabembeleza watoto. Walikuja wanawake thelathini! Wakavuma wote pamoja, kila mtu wimbo wake. Sauti ilipanda mpaka kwa mlinzi wa lango, akadhani ni maasi. Watoto waliamka wote, wakalia mpaka saa nne usiku. Lakini nia! Nia ilikuwa nzuri kiasi gani!

Ijumaa, 17 Juni

Mbithe hakuvuma leo. Nilimkuta amekaa na mikono mapajani. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Akasema yeye siku zote alidhani ule ni wimbo, lakini sasa ameelezwa kwamba ni kazi, na kengele ya kumaliza kazi hulia saa kumi.

Sikulala vizuri. Nimekumbuka kwamba Kabiru alikuwa akipiga mluzi akimimina chai. Sijui ningalimpa shilingi kwa kila mluzi ingalikuwaje. Wazo la kipuuzi. Nimeliacha.

Jambo lingine la ajabu. Kopo la Kabiru lilikuwa na tiketi mia mbili na kumi, na limekwisha juzi. Lakini tiketi zinazoletwa kununua sukari haziishi! Zinakuja tu. Sijawahi kuona baraka ya namna hii nje ya Biblia.

Jumatatu, 20 Juni

Sukari ya wafungwa imekwisha, tumeanza ya askari. Chai ya leo ilikuwa chungu. Askari wenzangu waliinywa wakinikazia macho.

Lela ana shida nyingine. Yeye ndiye msimamizi wa chumba cha kufulia, ambako wafungwa hufua sare zetu na kusafisha kofia zetu. Kofia yake imerudi ikiwa safi kabisa lakini imelegea. Inalala upande kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Ametia wanga, amepiga pasi, inasimama saa moja kisha inalala tena. Alikaribia kulia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na mkunjo!

Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Mfuaji mkuu wa juma hili ni Khavere. Nimempa tiketi mbili za usafi.

Alhamisi, 23 Juni

Nimekaa na tiketi moja mkononi tangu saa moja jioni, taa imeanza kutoa moshi.

Niliipokea leo katika foleni ya sukari. Kadi ngumu, ukubwa ule ule, tundu la kutobolewa na gadi mahali pake. Nzuri kuliko za kweli. Ila stesheni iliyoandikwa ni "Kwa Mama", na herufi R katika neno "Daraja" inatazama nyuma.

Khavere.

Mtu huyu, wiki mbili zilizopita, hakujua A. Nilipaswa kukasirika. Nimejaribu. Kila nikikasirika naitazama ile R, najikuta nimeitundika tiketi kwenye msumari, chini ya kofia, ili niione vizuri.

Anatoa wapi kadi ngumu namna hii? Hilo nitauliza baada ya ukaguzi. Kesho si siku ya maswali. Kesho ni siku ya usajini. Nimeota mlango wa nyumba mpya, na msumari uko mahali pake.

Ijumaa, 24 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Bwana Thuo alifika saa nne, mrefu, sauti ya kanisani, na manyunyu yakafika naye. Akasoma ripoti yangu akasema mm. Akaonja uji akasema mm-hm! Hapo Khavere akatoka mstarini, akapiga magoti kidogo, akasema kofia ya Afande Mkubwa imelowa, akiruhusiwa ataikausha kwa pasi dakika kumi. Bwana Thuo akaniangalia, akasema hii sasa ndiyo nidhamu. Nilimpa Khavere tiketi papo hapo, kwa fahari, mbele ya Madam Waringa.

Kofia ikarudi imenyooka kama mkate uliotoka tanuri. Bwana Thuo akaivaa, akapanda juu ya benchi, akaanza kuhutubia. Manyunyu yakaendelea. Alikuwa amefika kwenye umuhimu wa kusimama imara wakati kofia ilipoanza kuzama. Kwanza mbele. Kisha kushoto. Kisha ikamfunika masikio yote mawili. Akaiinua. Ikazama. Nikageuka kuwaomba askari wasicheke, na nyuma yangu kofia za askari wote zilikuwa zikizama moja moja, ya Lela ikiwa ya kwanza.

Mkubwa hawezi kupokea saluti akiwa na kitu kama kile kichwani. Madam Waringa akatazama huku na huku. Akaiona kofia ya Kabiru kwapani mwangu. Akaninyang'anya, akamkabidhi, na yule bwana kwa kuchanganyikiwa akaivaa.

Ilimkaa sawasawa! Imeelemea kushoto kidogo, vile vile.

Wanawake wakapita kwa gwaride. Sikuona hata mmoja. Niliiona kofia ikisogea juu ya kichwa cha mtu, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa mwaka na miezi miwili, na machozi yakashuka bila kuniuliza. Bwana Thuo akadhani nalilia kazi. Akashuka benchini, akasema kwa upole kwamba ameona askari wachache wenye moyo huu, akauliza jina langu. Nikasema Koplo Teresiah. Akasema basi kuanzia leo, Saji—

Nilisikia. Alifika "Saji".

Kisha akakatiza mwenyewe. Akawageukia wafungwa kwa tabasamu, akauliza tu, kwa mazungumzo, kofia za watu zimefanywa nini hapa.

Khavere akanyoosha mkono.

Kusema ukweli bila kulazimishwa, tiketi mbili. Niliandika mwenyewe ubaoni. Akasema yote, kwa sauti safi kama ya mtoto anayekariri somo. Kwamba ndani ya kila kofia mna kadi ngumu. Kwamba ameitoa ya kila askari, na leo ya Afande Mkubwa, ambayo ni kadi bora kuliko zote, itatoa tiketi ishirini. Wino ni masizi. Tundu ni msumari wa kiatu. Ratiba ya ugomvi ya juma lijalo iko chini ya godoro lake. Kisha akanyoosha kiganja.

Basi wote wakaanza! Wenye sindano wakasema sindano ni tano tu, zinazunguka. Waliopatana wakasema hawakuwahi kukosana. Viganja arobaini, hamsini, vimenyooshwa kwenye manyunyu. Na Bwana Thuo katikati, katika kofia ya gadi wa treni.

Nilimpa Khavere tiketi zake mbili. Ningefanya nini? Niliahidi.

Bwana Thuo alilitazama tendo hilo mpaka mwisho. Akavua kofia ya Kabiru, akanirudishia kwa mikono miwili, akaenda zake kichwa wazi. "Saji" imebaki pale pale ilipokatikia.

Jumapili, 26 Juni

Madam Waringa amefunga mpango. Mimi nabaki koplo, na nishukuru.

Nimekusanya tiketi zote mezani kuzitenganisha. Ni kazi rahisi. Za bandia ni zile nadhifu. Na hakuna hata moja ya Mombasa au Nairobi. "Kwa Mama." "Nyumbani." "Shambani Kwetu." "Kwa Mtoto Wangu", na hiyo si ya mkono wa Khavere, ni ya mwingine, herufi zinatetemeka. Kumbe amewafundisha wenzake kuandika, usiku, bila tiketi yoyote! Hakuna reli inayofika huko kote. Nimezisoma moja moja, kama Kabiru. Sikutupa hata moja. Nimezitia katika kopo moja na za kweli.

Tiketi moja ya kweli ilipungua.

Nikamkuta Mbithe chumba cha kufulia. Tangu jana anatengeneza kofia za askari. Anashona vitambaa vikuukuu tabaka juu ya tabaka, anatia wanga, zinasimama. Hakuna aliyemwagiza. Na alikuwa anavuma. Ng'ambo ya ukuta hakuna mtoto aliyelia.

Akaniambia tiketi ya Kibwezi anayo yeye, kama inahitajika ataitoa, ila angeomba abaki nayo. Si ya wimbo, akasema. Ya kuitazama tu. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake.

Kisha akili ikanirudia, nikafungua kopo, nikamwambia nitampa tiketi tatu kwa kila kofia. Alinitazama mpaka nikalifunga.

Alhamisi, 30 Juni

Nimeng'oa msumari kwa koleo. Ulitoka kwa urahisi, na hilo liliniuma.

Lela alikuja na mkokoteni, sikumwomba. Tuliusukuma mpaka Jogoo Road. Hapo akasema, masikio ya yule bwana, Teresiah. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya godoro langu katikati ya njia, watu wakipiga honi. Nami nikacheka. Sijacheka hivyo tangu Aprili ile.

Nyuma ya mlango wa chumba chake ameondoa picha yake ya baharini. Mahali pake pako wazi, pamefutwa. Akasema alidhani nitakuwa na kitu cha kutundika. Nyundo ilikuwa tayari dirishani.

Kabla ya kulala akanipa karatasi sita. Maelezo yake ya semina, sehemu ya kasoro, zote. Soma, mwenzangu, akasema. Soma hata moja.

Nimeahidi. Karatasi nzuri sana, nyeupe. Ameandika upande mmoja tu.

Jumatatu, 4 Julai

Lela ni mtu mwema, lakini pasi! Saa kumi na moja asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajafikiria, pasi ya makaa inagonga meza.

Asubuhi pia hunipa hamri moja, la iliki, la moto. Hunipa nikishakunja blanketi. Nami nashangaa, kwani maishani sikuwa mkunjaji, Kabiru ndiye aliyekunja. Labda ni hewa ya huku. Jana sikukunja, na mahamri yakawa yamekwisha, bahati mbaya tu, ingawa yeye alikuwa anakula mawili. Leo nimekunja mpaka pembe na nikasawazisha mto. Akanipa mawili! Mengine ni sadfa nzuri.

Lakini turudi kwenye pasi. Mtu mzima hugeuzwa tabia kwa zawadi ndogo, akiwa hajui. Nimeliona kwa macho yangu. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa wingi wa watu. Mtu mmoja hana wa kugombana naye, na kadi ya kofia yake mwenyewe hawezi kuikata.

Nimechora jedwali. Siku saba, mistari ya rula, mahali pa kutia alama. Nimelichora nyuma ya karatasi ya kwanza ya Lela, ile ya kasoro, nami nitalibandika ukutani upande safi ukitazama nje. Karatasi ziko sita, zitanifikisha mbali.

Kopo la Kabiru liko chini ya kitanda. Kesho pasi ikinyamaza mpaka saa kumi na mbili, nitampa Voi.